Vitabu vya Kusikilizwa: Bunyan, Haggard na Mkeka wa Bibi

Katika semina moja ya fasihi ya Kiswahili mwaka jana tulifika kwenye kile kipindi ambacho wahakiki wengi hukipitia mbio mbio, yaani kipindi cha tafsiri, tangu miaka ya 1860 hadi kama 1940 hivi. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba vitabu vile vyote, vya dini na vya visiwa vyenye hazina na mashimo ya almasi, vilikuwa takataka za mkoloni, na kwamba historia ya riwaya yetu ianze na Shaaban Robert, basi. Tulimpigia makofi. Mimi pia nilipiga. Usiku ule, hata hivyo, sikupata raha. Nilikumbuka kwamba baadhi ya takataka hizo nilizisoma kwa sauti mimi mwenyewe nikiwa darasa la tano, nimekaa kwenye mkeka kule Muheza, kando ya Bibi ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu.

Bibi hakuwahi kwenda shule. Lakini nilipokosea neno alinisahihisha. Nilipojaribu kuruka ukurasa ili niwahi kucheza, alijua. Alivijua vitabu vile kwa kuvisikia. Marehemu Babu, aliyekuwa mwalimu wa dini, alikuwa akiwasomea watu wa nyumbani kila jioni baada ya sala, kwa mwanga wa kibatari. Sasa swali ninalotaka kuliuliza katika makala haya ni hili: je, tunaweza kuandika historia ya kitabu cha Kiswahili kwa kuwahesabu waandishi na wachapaji peke yao, tukamsahau msikilizaji? Nitajaribu kuonyesha kwamba hatuwezi, na kwamba mwenzetu wa semina alikuwa na haki nusu tu.

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu husema kwamba desturi ya kuisomea familia kwa sauti ililetwa na misheni. Si kweli. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na vitabu, kwa hati za Kiarabu, kabla ya mmisionari yeyote kushuka hapa. Utenzi ulitungwa ili usikike. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, hakukusudia mtoto akae peke yake pembeni akaupitie kwa macho kimya kimya. Utenzi una mahadhi yake. Huimbwa, husikilizwa, hushikwa moyoni. Bara nako kulikuwa na hadithi za jioni, na msimulizi aliyeanza bila kuitikiwa alijua kwamba hana wasikilizaji. Kwa hiyo kitabu cha misheni kilipoingia nyumbani kilikuta mkeka umekwisha kutandikwa. Kilikuta pia kanuni zake: kwamba msikilizaji anaruhusiwa kuitikia, kuguna, kucheka, hata kubisha.

Ajabu ni kwamba huko vilikotoka, vitabu hivi navyo vilikuwa vya mkeka, ingawa wenzetu walikalia viti mbele ya moto. Katika nyumba nyingi za Kiprotestanti za Uingereza ya karne ya 19 baba aliwasomea mkewe, watoto na watumishi. Jumapili ilikuwa Biblia, na kando ya Biblia kilikuwapo kitabu cha John Bunyan kuhusu msafiri anayeukimbia mji utakaoangamia kwenda mji wa mbinguni. Sehemu yake ya kwanza ilitoka 1678, ya pili 1684. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria, akafungwa jela ya Bedford tangu 1660 hadi 1672 kwa kuhubiri bila kibali. Hakuandika kwa ajili ya wasomi. Ndiyo maana dhana zake zinatembea kwa miguu: Tamaa ni mtu, Ukaidi ni mtu, kukata tamaa ni jitu lenye ngome. Hata mtoto anayesinzia anaelewa.

Kisha riwaya ya visa na hatari. Mwaka 1881 Robert Louis Stevenson alikuwa Braemar, Uskoti, mvua haikatiki, na mtoto wa kambo wa miaka kumi na mitatu amechoka kukaa ndani. Wakachora ramani ya kisiwa. Stevenson akaanza kuandika hadithi juu ya ramani ile, na kila alichoandika asubuhi aliwasomea watu wa nyumbani. Baba yake, Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa na Mpresbiteri mkali, alinogewa kuliko mtoto. Yeye ndiye aliyeorodhesha vitu vilivyomo katika sanduku la yule baharia mlevi. Kitabu kilitoka mwaka 1883. Miaka miwili baadaye H. Rider Haggard, aliyekuwa amefanya kazi serikalini kule Natal na Transvaal, alitoa hadithi yake ya mashimo ya Mfalme Sulemani, akiitabarukia wavulana wakubwa kwa wadogo.

Msomaji ataona kwamba rafu ya dini na rafu ya visa zilikuwa rafu moja. Religious Tract Society, chama kilichoanzishwa 1799 ili kueneza vijikaratasi vya wokovu, ndicho kilichoanza kulichapa gazeti la wavulana la Boy's Own Paper mwaka 1879, likiwa limejaa simba, mawimbi na mapigano. Wazee wale walijua mtoto hatakaa kusikiliza mahubiri matupu. Basi wakampa sukari na dawa katika kijiko kimoja.

Kijiko hicho kikavuka bahari. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Kwanza alisikiliza. Hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja alizitoa kitabuni mwaka 1870. Lakini tayari mwaka 1867 alikuwa amechapa kijitabu cha Hadithi za Kiingereza, visa vya Shakespeare kama vilivyosimuliwa upya na Charles na Mary Lamb. Safari ya Msafiri, yaani Bunyan kwa Kiswahili, ilikuwapo kabla karne ya 19 haijaisha, na mwaka 1889 Mashujaa ilileta visa vya Wayunani wa kale kutoka kwa Charles Kingsley, mchungaji wa Kianglikana. Isabel Hofmeyr, katika utafiti wake aliouchapisha mwaka 2004, ameonyesha kwamba Bunyan alitafsiriwa katika lugha za Kiafrika zipatazo themanini. Kiswahili ni moja tu kati ya hizo.

Baada ya Vita vya Kwanza serikali ya Waingereza ilijiunga na kazi hii. Shule zilikuwa zikitoa wasomaji, na wasomaji hawakuwa na cha kusoma. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Mwaka 1929 zikatoka Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, 1932 Safari za Gulliver, 1934 Hadithi ya Allan Quatermain. Katika zote tunalikuta jina la Frederick Johnson, ambaye tangu 1930 alikuwa katibu wa Kamati ya Lugha iliyosimamia Kiswahili Sanifu. Maana yake ni kwamba mkono uliokuwa ukisanifisha lugha ndio uliokuwa ukichagua hadithi. Tena tazameni mchapaji: Sheldon Press, iliyotoa Gulliver na Quatermain, ilikuwa tawi la SPCK, chama cha kueneza elimu ya Kikristo kilichoanzishwa London mwaka 1698. Hapo ndipo mwenzetu wa semina ana haki. Haikuwa bahati nasibu.

Na itikadi imo, haijajificha. Chukueni Quatermain. Riwaya yenyewe ya 1887 inaanzia pwani yetu: wazungu watatu wanafika Lamu, wanaukwea mto Tana, wanafikia nyumba ya mmisionari wa Kiskoti. Binti wa mmisionari anatekwa na Wamaasai. Alfajiri wageni wanaivamia kambi na kuua Wamaasai wengi, naye mmisionari yumo, kisu mkononi. Miaka 47 baadaye kisa hicho kinarudi Lamu kwa Kiswahili Sanifu, kwa bei nafuu. Mtoto wa Kenya anaposomewa, atakuwa upande wa nani? Ama chukueni Foulata katika Mashimo, msichana Mwafrika anayempenda Mzungu. Haggard hakujua la kumfanyia ila kumwua, na akamtia kinywani maneno ya kushukuru kwamba ni heri afe. Fani nzuri, maudhui sumu. Hili hatuna budi kulisema waziwazi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka 2025, amekwisha kueleza jinsi alipoingizwa katika Kiingereza shuleni alivyopewa Stevenson, Dickens na Haggard, na wale wanyama wa hadithi za nyumbani wakasukumwa nje.

Hata waandishi wetu wa mwanzo hawakusalimika. James Mbotela aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka 1934, nacho kwa Sheldon Press. Baba yake alikuwa mmoja wa watumwa waliookolewa. Kina kila kitu cha riwaya ya visa: kutekwa, njaa njiani, jahazi, manowari. Lakini hatima yake ni Frere Town, kijiji cha misheni karibu na Mombasa kilichoanzishwa miaka ya 1870, na mwokozi ni Mwingereza. Utumwa wa kweli, machozi ya kweli, na shukrani zote zinakwenda mlango mmoja. Ukikisoma kimya kimya maktabani, ni rahisi kukifunga na kusema: kasumba.

Sasa turudi mkekani, maana hapa ndipo ninapotofautiana na mwenzangu, na na mimi mwenyewe niliyepiga makofi.

Mtu asomaye peke yake yuko mikononi mwa mwandishi. Anayesikiliza katika kundi hayuko hivyo. Bunyan anaanza kwa mtu kumwacha mke na watoto, akakimbia, huku ameziba masikio asiwasikie wakimlilia. Wahubiri hulisifu tendo hilo: aache yote kwa ajili ya wokovu. Nyumbani kwetu, Bibi alinisimulia, mahali hapo Babu hakuwahi kupapita salama. Wanawake walikuwa wakimkatiza. "Mwanamume gani huyo? Anawaacha wenziwe waungue?" Na msisahau hapa ni wapi: Muheza, katikati ya mashamba ya mkonge. Kuondoka kwa mwanamume lilikuwa jambo walilolijua sana. Walikuwapo kijijini manamba waliokuja kutoka mbali, wake zao wako huko huko mbali, na walikuwapo wanaume wa pale pale waliokwenda Tanga mjini wasionekane tena. Mfano uliokusudiwa kuwa wa roho uliangukia kwenye kidonda cha mwili. Babu alijaribu kueleza kwamba ni fumbo tu. Bibi yangu akamjibu, "Mwalimu, hata fumbo lina watoto."

Nilipokuja chuoni na kusoma kwamba sehemu ya pili ya Bunyan, ile ya 1684, inamrudia yule mke na wale watoto na kuwatia njiani hata wafike, nilicheka peke yangu. Hata Bunyan ilimbidi arudi kuwachukua. Bibi hakuhitaji kusoma nadharia yoyote ili aone ufa katika kitabu. Aliuona kwa sababu alikuwa na ruhusa ya kusema.

Mfano wa pili. Katika Kisiwa chenye Hazina wale maharamia wanataka kumpelekea kiongozi wao hati ya kumpindua, na karatasi hawana. Wanakata ukurasa wa Biblia ya mwenzao. Kwa Stevenson ni mzaha wenye kutisha kidogo. Kwa watu wa nyumbani, ambao Biblia yao ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cheupe juu ya kabati, ilikuwa kufuru ya kusimamisha nywele. Niliposoma pale Bibi alinishika mkono nisiendelee. Kisha akasema, taratibu, "Basi hao walikuwa wa kanisani." Alimaanisha kwamba mwizi hawezi kuwa na Biblia ya kukata kama hakubatizwa. Yaani, wezi wa baharini walikuwa Wakristo, na Wazungu! Katika sentensi moja lile fundisho lote kwamba ustaarabu umekuja pamoja na Kitabu lilitikisika. Hakuna mhakiki wa siasa kali aliyenifundisha jambo hilo vizuri zaidi.

Mfano wa tatu ni wa Haggard. Watu hukumbuka almasi. Lakini katika riwaya yake yumo pia mtumishi Umbopa, anayedhihirika kuwa Ignosi, mfalme halali wa nchi. Akisha kurudishiwa kiti chake, anawaambia wale Wazungu rafiki zake kwamba hatataka kuona wafanyabiashara na bunduki na pombe zao, wala watu wa sala. Haggard, mtetezi wa himaya, alimwandika mfalme Mwafrika anayefunga mlango. Sidai kwamba alikusudia tuchukue somo hilo. Nasema tu kwamba maneno yakisha kutamkwa kwa sauti nyumbani, mwandishi hawezi tena kumwambia msikilizaji ashike lipi na aache lipi. Bibi, kila nilipomuuliza hadithi ile ni ya nini, hakutaja almasi kamwe. Alisema ni hadithi ya mtu aliyerudi kwao.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kusikiliza kuliondoa sumu. Foulata anakufa hata ukimsoma kwa sauti. Wako waliosikiliza wakaishia kujidharau, na shule ilikuwa na viboko vya kuhakikisha jibu moja tu ndilo sahihi. Ninachosema ni kwamba nyumbani, tofauti na shuleni, hapakuwa na mtihani. Kati ya kitabu na mtu palikuwa na kundi la watu waliojuana, na kundi lilibisha.

Na kundi hilo ndilo lililowafuatia waandishi wetu. Tukimsoma Shaaban Robert katika Kusadikika (1951), tunamkuta Karama mshitakiwa na Majivuno mshitaki, na wajumbe wenye majina kama Fadhili na Amini wanaotumwa nchi za mbali. Hapa kuna safari ya visa na kuna mawaidha, bega kwa bega. Shaaban alikuwa Mwislamu, na mizizi yake ya utenzi na hekaya za Kiarabu ni mirefu. Itakuwa upuuzi kusema alimwiga Bunyan. Lakini tunaweza kusema kwamba hadhira yake ilikuwa tayari. Masikio yaliyozoea kumsikia Tamaa akitembea njiani hayakuhitaji maelezo alipoingia Majivuno barazani. Na himaya haikutajwa, lakini kila mtu alijua Kusadikika ni wapi.

Ngũgĩ alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za msalani. Ilitoka 1980, na kwa Kiswahili ikaja kama Shetani Msalabani mwaka 1982. Kichwa chenyewe kimeugeuza Msalaba: anayesulubiwa ni Shetani, na wanaokuja kumteremsha ni wenye mali. Ina safari, ina watu ambao ni dhana zinazotembea, ina mashindano ya wezi. Ni silaha za misheni zimeshikwa upande wa mpini. Na ilipokewaje? Ngũgĩ mwenyewe ameeleza kwamba familia zilikusanyika jioni, mmoja anayejua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula cha mchana. Ilisomwa katika mabasi na katika baa, na msomaji wa baa alipoona bilauri yake tupu alikifunga kitabu mahali patamu mpaka anunuliwe nyingine. Jamani, huu si ule mkeka wetu? Desturi iliyombeba Bunyan ndiyo iliyomchukua mfungwa wa Kamiti, kutoka jela hadi sebuleni.

Kwa hiyo napendekeza, kwa heshima zote kwa walimu wetu, kwamba tuanze kuandika sura iliyokosekana katika historia ya fasihi ya Kiswahili: sura ya wasikilizaji. Tunajua Mashimo ilitoka mwaka gani. Hatujaandika watu walisema nini iliposomwa, walicheka wapi, walimkatiza msomaji wapi. Ushahidi huo haumo maktabani. Umo vichwani mwa wazee, nao wanaondoka. Babu yangu aliondoka kabla sijazaliwa. Bibi aliondoka nikiwa kidato cha pili, na sikuwa nimeandika hata neno lake moja. Haya machache niliyoyaweka hapa ni yale tu niliyobahatika kuyakumbuka.

Makala haya hayadai kumaliza mjadala. Mwenzangu wa semina bado anaweza kunijibu kwamba Bibi mmoja si nadharia, na atakuwa na haki. Basi na yeye aende kwao likizo hii, amtafute mzee aliyewahi kusomewa vitabu hivi, amsomee tena ukurasa mmoja kwa sauti, halafu anyamaze asikilize. Tukikutana muhula ujao tulinganishe.